Wazee makaoni wanakonda: tatizo ni meno, ni jikoni, au tunatazama pasipo?

#1 Mlezi_wa_Lanet (Nakuru)

Hamjambo wanajukwaa. Huu ni mwaka wangu wa sita nikifanya zamu ya mchana katika makao ya wazee upande huu wa Lanet, na kuna jambo linalonisumbua tangu Januari. Mimi ndiye ninayekusanya sahani baada ya chakula cha mchana. Chini ya ukingo wa sahani ya nyanya mmoja huwa nakuta vidonge vya sukuma wiki, kila kimoja ukubwa wa punje ya mahindi, vimetafunwa hadi maji yote yakaisha, kisha vikatemwa na kupangwa mstari mmoja kwa adabu, kana kwamba hataki mpishi avione. Jirani yake mezani huokota maharagwe ya githeri na kuyaacha mahindi yote, meupe, yamelambwa chumvi.

Tuliwapima uzito Januari na tena Aprili, na wengi wamepungua. Mimi na muuguzi tuliingia chumba kwa chumba na tochi tukahesabu meno. Walio na meno 20 au zaidi ni wachache mno. Wengi wana matano, sita, au fizi tupu. Kwa hiyo msimamo wangu ni kwamba wanakonda kwa kukosa meno, na wakipewa meno bandia uzito utarudi. Mwenyekiti wa kamati yetu ana maoni mengine: anataka inunuliwe blenda moja kubwa ili kila kitu kisagwe. Naomba wenye ujuzi waniambie ni nani kati yetu aliye karibu na ukweli.

#2 Tabibu_Kinywa (Eldoret)

Ahsante kwa swali, na hongera kwa tochi. Makao mengi hayajawahi kutazama ndani ya kinywa cha mzee hata mara moja.

Idadi ya 20 uliyoitumia ina historia. Japani ilianzisha mwaka 1989 kampeni ya kuhimiza watu wafike umri wa miaka 80 wakiwa na meno 20 yao wenyewe, kwa sababu mtu mwenye idadi hiyo kwa kawaida anaweza kutafuna karibu kila chakula. Hata hivyo hesabu peke yake hudanganya. Jino lisilo na mwenzake wa kulikabili halitafuni kitu. Mzee anaweza kuwa na magego manne juu na meno sita ya mbele chini, ukasema ana meno kumi, kumbe hana hata jozi moja inayokutana. Mkirudia hesabu yenu, hesabuni jozi za magego zinazogusana.

Kuhusu uhusiano wa meno na chakula, Uingereza ilifanya uchunguzi wa kitaifa wa lishe ya watu wa miaka 65 na zaidi, matokeo yakatolewa mwaka 1998, na uliwahusisha pia wale wanaoishi kwenye makao. Wasio na meno walikuwa wakila matunda, mboga na nyuzinyuzi kidogo zaidi, na vitamini C katika damu yao ilikuwa chini kuliko ya wenye meno. Hadi hapo uko sawa. Pale nisipokubaliana nawe ni kwenye tiba. Meno bandia kamili, hata yaliyotengenezwa vizuri, yana sehemu ndogo tu ya nguvu ya kuuma ya meno ya asili, na imeonekana mara nyingi kwamba mtu akipewa meno mapya bila kufundishwa upya namna ya kula, anaendelea na uji na chai ile ile aliyoizoea.

#3 Mpishi_wa_Kondele (Kisumu)

Mimi nimepikia wazee miaka kumi na moja na ninasema meno yanasingiziwa. Sukuma wiki ya makaoni hukatwa upana wa kidole, ikarushwa kwenye mafuta dakika tano, ikapakuliwa ingali inaimba. Hata mimi mwenye meno yote ningeitema. Mboga za mzee ni mrenda, ni osuga (mnavu) uliochemshwa ukalazwa na maziwa hadi kesho yake, ni kunde zilizowekwa magadi kidogo zikalegea. Nyama iliyochemshwa saa tatu haihitaji jino. Omena waliokaushwa vizuri na kusagwa unga unawatia ndani ya mchuzi na hakuna anayejua wamepita.

Na huyo mwenyekiti wa blenda, ndugu wa Lanet, mwambie aanze yeye. Ukisaga ugali, sukuma na nyama pamoja unapata kitu chenye rangi ya tope la mvua ya masika. Mpe kwa chakula cha mchana siku saba, siku ya nane umpime uzito.

#4 Jaduong_wa_Ahero

Nimesoma #1 na nimetabasamu. Mlezi, je, kati ya hao uliowahesabu kwa tochi wamo waliotoka kwetu ziwani? Nauliza kwa sababu zamani Mjaluo aliyefikia umri wa kuingia utu uzima aling'olewa meno sita ya mbele ya taya la chini. Desturi hiyo tuliiita nak. Kaka yangu mkubwa alipitia. Mimi nilizaliwa 1951, baba alikuwa ameshaingia kanisani, nikaponea. Majirani zetu Wakalenjin walikuwa na desturi iliyofanana, ila wao kwa kawaida waliondoa mawili. Wazee walitupa sababu mbalimbali: kwamba ilikuwa alama ya kabila na ya ushujaa, au kwamba mtu akipatwa na pepopunda na taya likafunga, atanyweshwa uji kupitia pengo hilo.

Kwa hiyo ukikuta mtu wa miaka 85 hana meno sita ya mbele chini, na yote sita yametoka kwa mstari ulionyooka, usimwandike kuwa mgonjwa wa fizi. Huyo amekula nyoyo, yaani githeri yetu, na samaki kwa miaka sabini bila kukuuliza.

#5 Mlezi_wa_Lanet

Jaduong', nimeshika masikio. Nimerudi nikatazama upya: wako wawili, mwanamume na mwanamke, wote asili yao ni Nyanza, wote pengo ni la meno sita chini mbele. Nilikuwa nimewaandika "wamepoteza meno kwa ugonjwa".

Lakini sasa mmenitia kwenye shida kubwa zaidi. Huyo mwanamke, ana miaka 88, magego yake karibu yote yapo na yanakutana vizuri kama alivyoelekeza Tabibu. Kwa kipimo cha meno yeye ndiye tajiri wa nyumba nzima. Na katika orodha ya uzito yeye ndiye aliyepungua kuliko wote: kutoka kilo 54 hadi 49. Mwanamume asiye na jino hata moja, anayelala chumba cha mwisho, ameongeza kilo moja.

#6 Lishe_Kakamega

Nyanya aliyetoka kilo 54 hadi 49 amepoteza zaidi ya asilimia 9 ya uzito wake katika miezi mitatu bila kukusudia, na hapo mtu hasubiri uzi huu umalizike. Kwa kawaida kupungua kwa asilimia 5 tu ndani ya miezi mitatu hadi sita kunatosha kutushtua. Aonwe na daktari wiki hii, apimwe sukari, tezi, kifua na mengineyo. Kukonda kunaweza kuwa ugonjwa ambao hauhusiani kabisa na chakula.

Kwa wengine: ikiwa mzani wenu ni ule wa kukanyaga na kuna wazee wasioweza kusimama, chukueni utepe wa fundi cherehani mpime mzunguko wa shavu la mguu mahali palipo panene zaidi. Chini ya sentimita 31 ni dalili kwamba misuli imeisha.

Mzee anahitaji protini nyingi kuliko kijana, si kidogo kama wengi wanavyodhani. Wataalamu waliokutana kuhusu suala hili walipendekeza mwaka 2013 gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mzee wa kilo 50 basi anahitaji gramu 50 hadi 60. Yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa gramu 8. Sasa mtu hesabu mwenyewe: chai ya rangi na mkate asubuhi, mchuzi wa githeri mchana kwa sababu punje zimemshinda, uji mwepesi jioni. Umefika gramu ngapi? Uji ukipikwa kwa maziwa badala ya maji, ukakorogewa siagi ya karanga na yai lililopigwa, kikombe kile kile kinabeba chakula cha maana.

Mpishi wa Kondele, kwa heshima zote, magadi yako nayapinga. Yanalainisha mboga, ndiyo, lakini yanaharibu vitamini C pamoja na B1, na vitamini C ndiyo hasa wazee wasio na meno wanayoikosa, kama Tabibu alivyosema kule #2. Ikikosekana sana, fizi huvimba, hutoka damu na meno yenyewe hulegea. Kwa maneno mengine chanzo kinaweza kuanzia upande wowote: meno yakapunguza chakula, au chakula kikapunguza meno.

#7 Mpishi_wa_Kondele

Dada wa Lishe, magadi ni ncha ya kijiko kwa sufuria ya watu ishirini. Bila hayo mboga inabaki sahani nzima, na vitamini C iliyobaki sahanini nayo haimsaidii mtu. Chagua moja.

#8 Lishe_Kakamega

Nachagua mrenda, ambao unateleza wenyewe bila magadi, na kipande cha papai au chungwa lililokamuliwa baada ya mlo. Parachichi liko tele huku kwetu na halihitaji jino.

#9 Muuguzi_wa_Usiku (Kisumu)

Mnazungumza juu ya meno na sufuria, hakuna aliyetaja mate. Naomba Mlezi afanye jambo moja rahisi. Achukue kioo kidogo cha mkono, akiguse upande wa ndani wa shavu la mzee kisha akivute polepole. Kikiteleza, mate yapo. Kikigandama, kinywa kimekauka, na mtu wa kinywa kikavu hawezi kumeza ugali hata awe na meno 32.

Chanzo mara nyingi ni dawa tunazowapa sisi wenyewe. Amitriptyline ya usingizi na maumivu ya neva, dawa za mzio zinazoleta usingizi, dawa za kukojoa kama furosemide: zote hukausha. Mzee wa makaoni anaweza kuwa anameza tatu za namna hiyo kwa pamoja kwa sababu kila moja iliandikwa na mtu tofauti. Mate yakikosekana, meno huoza haraka kwenye mizizi, pale ambapo ufizi umerudi nyuma na hakuna gamba gumu la kulilinda jino. Kisha tunamhurumia, tunamwekea sukari vijiko vitatu kwenye uji, na mzizi unakatika kama kijiti. Halafu kuna nifedipine na amlodipine za presha, na phenytoin ya kifafa, ambazo kwa baadhi ya watu huvimbisha fizi hadi zikafunika meno. Dawa zisisimamishwe na mlezi, ila orodha nzima ipelekwe kwa daktari mmoja aipitie.

La mwisho, kinywa kichafu hakikai kinywani. Utafiti uliofanywa kwenye makao 11 ya wazee huko Japani na kuchapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba wazee waliosafishwa kinywa baada ya kila mlo walipata nimonia kidogo kuliko wenzao, na hilo lilionekana hata kwa wasio na meno. Fizi tupu nazo husuguliwa, kwa mswaki laini au kitambaa safi.

#10 Mjukuu_wa_Njoro

Nashangaa uzi wa Nakuru umefika hapa bila mtu kutaja maji. Babu yangu na ndugu zake wote wana meno ya kahawia, yaliyochimbika kama mawe ya pumice, na yalianza kukatika vipande alipofika hamsini. Kisima kilichimbwa shambani kabla baba hajazaliwa. Kwangu mimi jibu la Mlezi liko kwenye bomba, si jikoni.

#11 Tabibu_Kinywa

Mjukuu, umeleta jambo zito, ila tulitenganishe. Bonde la Ufa lina miamba ya volkeno, na maji ya visima vingi kuanzia Nakuru hadi Elementaita yana floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Lakini floraidi hutia jino doa wakati jino linapoumbwa ndani ya taya, yaani utotoni, takriban hadi miaka minane. Mzee aliyehamia Njoro akiwa na miaka arobaini hawezi kupata madoa hayo hata anywe kisima kizima. Kwake hatari ya kunywa miaka mingi iko kwenye mifupa na viungo. Babu yako aliyezaliwa hapo ni kisa kingine: ugonjwa ukiwa mkali, gamba la jino huwa na vitundu vidogo na kubomoka, kama ulivyoeleza. Kwa hiyo ni lazima kumuuliza kila mzee alikulia wapi, siyo anaishi wapi sasa.

Naongeza kwa sababu huwa naulizwa: kuchemsha hakuondoi floraidi, kunaizidisha kwa kuwa maji hupungua nayo ikabaki. Kinachoifaa ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, njia ambayo Dayosisi Katoliki ya Nakuru iliisambaza hapo kwenu kwa miaka mingi.

#12 Mtani_wa_Busia

Naona tumefika kwenye mifupa ya ng'ombe. Kesho tutafika kwenye ng'ombe mwenyewe.

Kuka wangu, yaani babu, hana hata jino la kuonyesha mgeni. Anakula mahindi ya kuchemsha kwa fizi, polepole, kibunzi kimoja saa nzima, na mwili wake ni wa mchungaji wa kanisa kubwa. Mkimuuliza siri yake, ni kwamba hajawahi kula peke yake. Wajukuu wanamzunguka, anamega, anawapa, anasimulia, anamega tena. Mlezi, hao wa kwako wanaketi vipi? Wakiketi wameelekea ukutani huku televisheni ikipiga kelele, hata wenye meno watakonda.

#13 Muuguzi_wa_Usiku

Mtani amesema kwa mzaha neno la kweli. Huzuni ya wazee mara nyingi haiji na machozi. Huja na sahani iliyojaa. Ila nisisitize, "fizi ngumu" za Kuka si za kila mtu, na hiyo saa moja aliyopewa ndiyo siri hasa. Kwenye makao niliyowahi kufanyia kazi tulikuwa wahudumu wawili kwa wazee kumi na wanane, na sahani ziliondolewa baada ya dakika ishirini kwa sababu mpishi alikuwa na basi la kuwahi.

#14 Mpishi_wa_Kondele

Mpishi naye ana watoto. Endeleeni.

#15 Mhudumu_Zamani (Bungoma)

Nimekuwa nikisoma kimya. Nataka kueleza kuhusu hayo meno bandia ambayo Mlezi anayatumaini, kwa sababu mimi ndiye niliyeharibu.

Mahali nilipofanyia kazi zamani wazee saba walikuwa nayo. Siku moja nikiwa mgeni kazini, nikijitia bidii, nilipita jioni nikayakusanya yote, nikayatia kwenye beseni moja la maji ya sabuni, nikayasugua yakang'aa. Nilipoinua uso nikaona beseni lina vipande kumi na vinne vya rangi ile ile ya waridi. Asubuhi tulipita kitanda kwa kitanda tukijaribishia, kama viatu vya mtumba. Wawili hawakupata yao kamwe. Mmoja wao alikubali ya mwenzake kwa aibu ya kutotaka kunisumbua, akavaa wiki mbili, na ndani ya shavu akatoka kidonda cha upana wa senti. Hakula kitu kigumu tena hadi alipofariki mwaka uliofuata. Sijasahau.

Baadaye fundi wa meno alinifundisha: sugua sehemu ndogo kwa msasa mwembamba, upande unaotazama shavu, andika jina kwa penseli, kisha paka rangi ya kucha isiyo na rangi mara mbili, uache ikauke kabisa kila mara. Linadumu miezi. Na kila mtu na bakuli lake.

#16 Tabibu_Kinywa

Ahsante, Mhudumu, kwa kusema wazi. Niongeze kwamba meno bandia hutolewa usiku na kulazwa kwenye maji safi. Anayelala nayo hupata ukungu mwekundu kwenye kaakaa unaowasha na kuuma, na utafiti mwingine wa Wajapani kwa watu wa miaka 85 na zaidi uliwakuta wanaolala nayo wana hatari ya nimonia takriban mara mbili ya wenzao. Na mtu akikonda, fizi na mfupa wa taya navyo hupungua, meno yaliyokuwa yakimkaa vizuri yanaanza kucheza. Ndiyo maana ukiona mzee anayefunga meno yake kwenye leso chini ya mto, usimgombeze. Muulize yanamuumiza wapi.

#17 Binti_wa_Mumias

Wataalamu, kwa heshima, mnazungumza kana kwamba meno hayo yalidondoka yenyewe. Mama yangu ana miaka 76. Meno yake yaling'olewa moja moja, kila moja siku aliyoshindwa kulala kwa maumivu, kwa sababu kuziba jino kulikuwa ghali kuliko kulitoa, na safari ya kwenda mjini ilitosha kwa siku moja tu. Hakuna aliyemwambia kwamba jino lililong'olewa lina gharama ya miaka ishirini ya kula vibaya. Sasa anapokea Inua Jamii, ruzuku ya Serikali kwa wazee, shilingi 2,000 kwa mwezi zikifika, na mnamwambia anunue meno bandia, mayai na siagi ya karanga.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Na utafiti wa kwanza wa kitaifa wa afya ya kinywa nchini ulifanyika mwaka 2015 tu, zaidi ya miaka hamsini baada ya uhuru. Ukikosa kuhesabu tatizo kwa miaka hamsini, mzee atakonda na utasema ni umri.

#18 Tabibu_Kinywa

Siwezi kukupinga, dada. Nimeng'oa meno mengi ambayo ningeyaziba kama mgonjwa angekuwa na njia. Kuna dawa moja ya kupaka, yenye madini ya fedha na floraidi, inayosimamisha uozo bila kuchoronga wala ganzi. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Inaacha jino jeusi, na wazee wengi hawajali weusi mradi maumivu yamekwisha. Inaweza kupakwa mzee akiwa kitandani pake. Mlezi, waulize maafisa wa afya ya kinywa wa kaunti yenu.

#19 Mlezi_wa_Lanet

Samahani kwa kimya cha wiki tano. Nimechapisha uzi huu wote, nikaubandika kwenye mlango wa jikoni, isipokuwa #14.

Blenda haikununuliwa. Lishe alinishauri faraghani tugawe chakula kwa ngazi, kufuatana na ule utaratibu wa kimataifa wenye ngazi 0 hadi 7: anayepaliwa anasagiwa laini, kila chakula peke yake, asiye na magego anapata kilichopondwa na kulowa mchuzi, vipande visivyozidi nafasi iliyo kati ya meno ya uma, mwingine anakatiwa laini tu. Kioo cha Muuguzi kiligandama kwa wanne, na daktari akabadilisha dawa za wawili. Tunawapima kila Jumatatu kabla ya chai. Watatu wameongezeka, wengi wamesimama pale pale, wawili bado wanashuka. Yule wa vidonge vya sukuma ameongeza kilo moja na nusu, lakini tulibadilisha mboga, meza na dawa zake katika wiki ile ile moja, hivyo siwezi kusema ni lipi lililofanya kazi.

Jambo ambalo hakuna aliyelitaja nililiona kwenye ratiba. Chakula cha jioni tunakitoa saa kumi na moja ili zamu ya mchana iondoke, na chai ya asubuhi ni saa moja. Ni saa kumi na nne tumbo tupu, kila siku, kwa watu wa miaka themanini.

Na nyanya wa magego mazima ni mmoja wa wale wawili wanaoshuka. Daktari alimpima kila kitu alichoweza. Hakuona ugonjwa.

#20 Lishe_Kakamega

Hizo saa kumi na nne zingeweza kueleza nusu ya uzi huu. Maziwa lala saa mbili usiku, tafadhali, na kinywa kisafishwe baadaye.

#21 Mjukuu_wa_Njoro

Au maji. Nitaendelea kusema maji. Huyo alikulia wapi?

#22 Jaduong_wa_Ahero

Alikulia ziwani, tumeshasema, na meno yake ni mazima. Mlezi, kuna mtu aliyemuuliza yeye mwenyewe kwa Kijaluo? Hapo kwenu mnapika githeri na mukimo. Huyo ni mtu wa samaki, amewekwa mbali na ziwa lake, anapewa chakula cha wenyewe.

#23 Mlezi_wa_Lanet

Nilimtafuta mlinzi wetu wa usiku, ambaye ni wa Siaya, akazungumza naye. Nyanya alisema hana njaa ya vyakula vya hapa. Tulipomuuliza angependa nini, alijibu: "Wi rech." Kichwa cha samaki.

Jana nilipitia sokoni nikanunua ngege mzima. Mpishi wetu aliogopa mifupa, alitaka kumtolea nyama ampe kwenye bakuli. Nyanya alisukuma bakuli, akakivuta kichwa kwa mkono wake. Alikaa nacho dakika arobaini. Alinyonya macho, akafungua mashavu, na kila mfupa ulitoka kwenye lile pengo la meno sita ukiwa msafi kama sindano, akiupanga kwenye ukingo wa sahani.

#24 Jaduong_wa_Ahero

Sasa umeona pengo lina kazi gani.

#25 Tabibu_Kinywa

Alipimwa uzito?

#26 Mlezi_wa_Lanet

Jumatatu.

#27 Mpishi_wa_Kondele

Na huyo ngege alipikwa vipi? Mlimtia nyanya na dania, au mlimwaga mafuta tu kama kawaida yenu ya huko?

#28 Mlezi_wa_Lanet

Nyanya alikataa nyanya. Chumvi na maji, basi.